Kila Mati na Jina Lake

Mwanaisha anaweza kukutukana ukamshukuru. Nimemwona akifanya hivyo miaka mitano sasa, mezani kwa wageni, amevaa aproni nyeupe na tabasamu lake, na wageni wakaondoka wakiahidi kurudi. Mimi ni mtu wa Vihiga. Kwetu mtu akinikosea namwambia umenikosea, tunagombana mpaka jirani anatoka nje kusikiliza, na kesho yake tunaazimana chumvi. Kwa hiyo nilipopangiwa chumba kimoja na mwanamke wa Wete, Pemba, ilinichukua muda mrefu kujua ni lini nimesifiwa na ni lini nimepigwa kijembe.

Kazi yetu ni kwenye mkahawa wa chai ya Kiingereza hapa Doha, dakika kumi kwa miguu kutoka chumba chetu cha Al Mansoura. Yeye anahudumia mezani, mimi niko jikoni naoka zile skonzi zao za kupakwa malai. Mwenye mkahawa ni mama wa Kikatari ambaye sote tunamwita Madamu. Alisoma Uingereza ujanani, akarudi na shahada na ugonjwa wa sahani za zamani za huko. Sahani zenyewe zimefungiwa kwenye kabati la kioo na ufunguo anatembea nao mwenyewe. Sisi tumepewa picha zake, yaani vibao vya kuwekea sahani, juu vimechapwa michoro ileile ya sahani za kabatini, chini vimebandikwa kitambaa cha kijani visikwaruze meza. Tunaviita mati. Na vile vidogo vya kuwekea vikombe Mwanaisha aliviita watoto wa mati, na akatoa amri kwamba kila mtoto akae karibu na mama yake.

Michoro ni mitano. Kila mmoja una jina la Kiingereza mgongoni, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, na Nahashon, Mkenya mwenzangu anayetusimamia, alihangaika mwezi mzima kutukaririsha majina hayo. Mwanaisha aliyasoma mara moja akasema hayo si majina, hizo ni anwani. Kwao kanga haitoki dukani bila jina lake. Mtu hanunui maua wala ndege, ananunua neno lililoandikwa chini. Basi jioni moja alizipanga mati tano mbele yake, akazitazama moja moja, akazipa majina.

Ndege mwenye mkia mrefu, aliyesimama kichakani kajitutumua, akawa Jogoo la Shamba, maana jogoo la shamba haliwiki mjini. Ile ya ng'ombe mtoni, msitu pembeni na jumba lililobomoka nyuma yake, akaiita Penye Miti, kwa kuwa penye miti hapana wajenzi. Stroberi, nusu nyekundu nusu kijani, zikawa Mbivu na Mbichi. Yenye mawaridi kila mahali ikaitwa Mkakasi, kwa ule msemo wa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na hapo hata mimi nilikubali, kwa sababu juu ni mawaridi na ndani ni mbao kweli. Ya tano ni ile ya bluu anayoipenda Madamu kuliko zote. Watu watatu wanavuka daraja, wa nyuma ameshika fimbo, na juu yao wanaruka ndege wawili. Mwanaisha aliwaangalia wale watatu kwa muda, akasema hiyo ni Mnanifuata, Nina Nini?

Wiki mbili hazikupita kabla Nahashon mwenyewe hajaanza kupaza sauti kwamba meza ya nne inataka Mkakasi sita, na rafu za stoo zikabandikwa karatasi zenye majina ya Mwanaisha. Madamu alidhani ni tafsiri.

Kilichofuata hakikuwa kwenye mafunzo ya kazi. Mwanaisha alianza kumpa kila mgeni mati inayomstahili. Hakuwauliza kitu, aliwatazama tu wanavyovuta kiti. Bwana mmoja aliyezungumza na simu kwa sauti, akieleza vyumba vya nyumba yake mpya ya Al Wakrah, alitandikiwa Jogoo mama na mtoto. Dada aliyerudisha chai mara tatu alipata Mkakasi, akaipenda, akasimama aipige picha kutoka juu, na Mwanaisha akamshikia mkoba ili picha itoke vizuri. Nilicheka jikoni mpaka skonzi zikaungua. Kuungua kwa vitu mikononi mwangu ni habari ambayo nitairudia.

Sasa aje Rukia. Alifika kutoka Makunduchi miaka mitatu iliyopita, mdogo wetu, akapewa kitanda cha tatu katika chumba chetu na kazi ya kuhudumia pamoja na Mwanaisha. Wiki ya kwanza alilia kila jioni akijifanya anaosha uso. Siku ya saba Mwanaisha alifungua sanduku lake, akatoa doti mpya aliyotumiwa na mama yake, zile kanga mbili zikiwa bado zimeshikana. Akaazima mkasi wangu, akazikata katikati, akampa Rukia moja. Kanga ilikuwa imeandikwa Wawili si Mmoja. Mtu wa pwani akikugawia kipande cha doti yake, amekupa nusu ya vazi, na kuanzia siku hiyo hakuna anayekamilika bila mwenzake. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile niliwaza tu kwamba wameharibu kitambaa kizuri, kwa sababu kwetu leso ni leso, tunabebea mtoto, tunafungia viazi.

Rukia akaacha kulia. Akawa anamwita Da Mwanaisha na kumfuata mpaka dukani kununua vocha. Ijumaa tulipokuwa na zamu ya jioni tulikwenda asubuhi ufukweni Al Wakrah, watatu, na chupa ya chai na mandazi, wale wawili wamejifunga kanga zao zinazofanana na mimi na sweta yangu. Nilikuwa nawatania kwamba wanafanana na mapacha wa shule. Ukweli ni kwamba niliwaonea wivu kidogo.

Ugomvi ulianza baada ya Idi. Mwanaisha alikuwa anapanda ngazi za jengo letu ametoka kazini, akamkuta haris, yule mlinzi anayefagia jengo, anadeki vidato. Kwenye fimbo yake ya kudekia amezungushia kanga ya Rukia. Wawili si Mmoja, imelowa, imekuwa nyeusi. Mwanaisha aliipita, akaingia chumbani, akavua viatu. Kwa akili yake, Rukia alikuwa ameitupa kanga ili ujumbe ufike, na ujumbe ulikuwa umefika.

Rukia naye alikuwa na lake. Siku tatu nyuma kanga ilitoweka kwenye kamba ya kuanikia. Nani angeichukua kanga moja na kuacha shuka nzima mbili na taulo? Mwenye doti tu, aliyebadili mawazo na kurudisha alichotoa. Kwa hiyo kila mmoja aliona ameachwa, na kila mmoja akasubiri mwenzake aeleze. Kuuliza kulikuwa kujishusha, na hakuna aliyekuwa tayari.

Hapa lazima niseme la kwangu, kwa sababu bila hilo mtawahukumu bure. Ile kanga niliichoma mimi.

Nilikuwa nimechelewa kazini, aproni imekunjamana, na meza ya kupigia pasi hatuna. Niliitoa kanga kambani, nikaikunja mara nne juu ya kitanda, nikaanza kupiga pasi. Simu ikalia. Alikuwa mama yangu, ng'ombe wetu amezaa, na habari za ng'ombe haziwezi kukatizwa. Niliporudi, alama ya pasi ilikuwa imeingia katikati ya kanga, kahawia pembeni na nyeusi ndani. Niliitia kwenye mfuko nikaiweka nje ya mlango pamoja na taka, nikijiambia nitanunua nyingine kama hiyo kabla mtu hajauliza. Nilizunguka maduka Ijumaa mbili. Doha ina kila kitu, lakini ile haikuwapo. Haris naye alikuta kitambaa kizuri kwenye taka akakipa kazi, na sina la kumlaumu.

Ningesema siku ya kwanza, ingekuwa kelele ya saa moja. Siku ya pili nikaona niwaache watulie kwanza. Siku ya kumi walikuwa wamenuniana kiasi kwamba nikifungua mdomo niliishia kuuliza nani anataka chai. Mimi, Damaris, mtu wa kusema waziwazi, nilinyamaza miezi minne.

Na katika miezi hiyo nilikuwa ndiye barabara yao. Chumba chetu kina vitanda vitatu na cha kwangu kiko katikati. Mwanaisha alikuwa akisema, akitazama ukuta, nimwambie mwenzangu taa inazimwa. Rukia, futi sita kutoka hapo, alikuwa akisema nimjibu kwamba amesikia. Ijumaa moja nilikwenda Al Wakrah na huyu, Ijumaa nyingine na yule, kama mtoto wa wazazi walioachana. Mandazi yalikuwa yaleyale lakini hayakushuka vizuri.

Lakini kazini walizungumza. Walizungumza kwa mati.

Kila saa tisa alasiri, kabla wageni wa jioni hawajafika, wafanyakazi tunakunywa chai jikoni, na Madamu alikwishasema hata sisi tuandaliwe meza kama watu. Siku moja Rukia alivuta kiti chake akakuta ametandikiwa Mkakasi. Aliitazama, akakaa, akanywa chai yake yote bila kuinua macho. Kesho yake aliwahi yeye kuandaa meza, na Mwanaisha akakuta Penye Miti. Ule urafiki ulikuwa na kila kitu, na mwenyewe ameuacha ukabomoka. Hivyo ndivyo nilivyoisoma, maana kufikia hapo nami nilikuwa nimejifunza kusoma. Siku ya tatu Rukia alipata Jogoo. Siku ya nne Mwanaisha alipata Penye Miti tena lakini juu yake mtoto wa Mbivu na Mbichi, mama anasema moja na mtoto anaongeza la pili. Nahashon aliketi katikati ya vita hivyo akichovya biskuti, hajui lolote.

Mambo yakavuka jikoni yakaingia ukumbini. Rukia akitandika upande wake, Mwanaisha alimjibu kutoka upande wake, na wageni sita wa meza moja wakajikuta na mati za namna tatu. Madamu aliliona hilo siku alipoleta rafiki zake. Hakupiga kelele, alimwita Nahashon pembeni, na Nahashon akaja kwetu amekunja uso.

"Madam anasema meza zinakaa kama za mtumba," akasema. "Kuanzia kesho ni pattern moja, ile ya daraja. Hizo zingine zote ziende store, na mimi ndio nitakaa na key."

Basi kila meza ikawa Mnanifuata, Nina Nini, mpaka ya jikoni. Kila mtu alikuwa anamuuliza kila mtu swali hilohilo, na hakuna wa kujibu. Nilitegemea amani. Badala yake pale mezani paliingia ukimya ambao ulinifanya nikumbuke matusi kwa upendo. Siku moja nilikwenda stoo kuchukua unga, nikamkuta Mwanaisha na Nahashon wakihesabu vikombe, na Nahashon alipotoka nilimwona Mwanaisha ameshika Jogoo, anaifuta kwa aproni wakati haina hata vumbi. Nikamuuliza ana nini. Nilidhani atanijibu kwa fumbo.

"Alipokuwa ananitukana," akasema, "nilijua bado ananiona."

Akairudisha rafuni akatoka. Nilibaki na unga wangu mkononi na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo. Wiki hiyohiyo Rukia alipata tiketi. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, hakuuongeza, anaondoka Ijumaa moja kwa moja Zanzibar. Alinitangazia mimi, kwa sauti ya kutosha watu wawili. Mwanaisha aliendelea kukunja nguo zake. Lakini usiku huo ile kanga yake, nusu iliyobaki, aliyoacha kuivaa tangu Idi, niliiona imekunjwa chini ya mto wake, ncha moja imechungulia. Kama Ijumaa ingefika hivyo, wasingezungumza tena maishani, na kila mmoja angezeeka akiamini alitupwa.

Jumatano nilimwomba Nahashon ufunguo wa stoo. Akataka kujua wa nini. Nikamwambia ni mambo ya wanawake, akanipa haraka kuliko nilivyotarajia.

Niliandaa meza ya saa tisa mwenyewe. Wote niliwawekea daraja, kama ilivyoamriwa. Katikati, chini ya birika, niliweka Mbivu na Mbichi. Na mahali pangu nikatandika Mkakasi, mama na mtoto wake, mawaridi yakiwa yameelekea kwangu. Kisha nikaketi, mikono magotini, nikasubiri.

Rukia aliingia wa kwanza. Aliona zile stroberi chini ya birika akasimama. Mwanaisha akaja nyuma yake, akatazama birika, kisha akapitisha macho kwenye meza yote kutafuta ni nani amelengwa. Alipoiona Mkakasi mbele yangu alikunja uso kama mtu aliyekuta neno limeandikwa vibaya. Akanyoosha mkono aiondoe.

"Umekosea kutandika," akasema. "Hiyo umejiwekea mwenyewe."

"Sijakosea."

"Damaris, mtu hajivalishi fumbo."

Nikamwambia mimi nimejivalisha. Mkono wake ukabaki hewani. Nilikuwa nimepanga mati ziseme kila kitu na mimi nikae kimya, kisha wao wasome, waelewe, na iwe imekwisha. Lakini katika michoro mitano ya Waingereza hakuna wenye pasi. Kwa hiyo ilibidi nitumie mdomo wangu, ule ninaojisifia.

"Kanga ya Rukia niliichoma mimi na pasi," nikasema. "Niliitupa kwenye taka, haris akaiokota. Rukia hakumpa mtu. Na wewe hukuichukua."

Nikaeleza yote, kamba, kitanda, simu, mpaka ng'ombe. Sijui kwa nini niliona ng'ombe ni muhimu, lakini nilieleza hata rangi ya ndama. Nahashon alikuwa ameshika biskuti juu ya kikombe na nusu yake ikakatika ikazama. Mwanaisha aliketi polepole. Hakunitazama mimi. Aligeuka akamtazama Rukia usoni, mara ya kwanza tangu Idi.

"Rukia," akasema.

"Abee, Da Mwanaisha."

"Mwambie huyo mwanamke chai yake inapoa."

Rukia akanigeukia, uso mkavu, machozi yako tayari. "Da Mwanaisha anasema chai yako inapoa."

Wakaanza kucheka. Walicheka wakashikana mikono juu ya meza, wakalia, wakacheka tena, na walipomaliza kucheka wakaanza kuzungumza, miezi minne yote kwa mara moja, kila mmoja akieleza siku gani aliwekewa mati gani na ilimuuma wapi. Rukia alikiri kwamba lile Jogoo lilimkosesha usingizi. Mwanaisha akamsifu kwa yule mtoto wa Mbivu na Mbichi, akasema hapo alijua amefundisha mtu. Mimi sikuulizwa kitu. Nilikunywa chai yangu, na kweli ilikuwa imepoa.

Ijumaa tulimsindikiza uwanja wa ndege. Niliruhusiwa kubeba mizigo. Njiani Mwanaisha alimwomba Rukia aniambie niangalie lile begi lina kitu cha kuvunjika, na Rukia akanifikishia. Mlangoni Mwanaisha alitoa ile kanga iliyobaki kutoka kwenye mkoba wake, akamfunika nayo mabegani. Rukia akawa na kanga, na Mwanaisha hana tena. Nilitaka kusema kitu nikaona zamu yangu ya kusema ilikuwa miezi minne iliyopita.

Baada ya hapo Mwanaisha alibaki hana wa kumtuma kwangu. Chumbani alizima taa bila taarifa. Jikoni alimwambia Nahashon amwambie mpishi skonzi hazijaiva katikati, na Nahashon, ambaye sasa anajua kila kitu na anajuta, alinifikishia. Zile mati za stoo Nahashon aliruhusu zirudi kwenye meza ya wafanyakazi, mradi Madamu asizione ukumbini. Na kila saa tisa, kwa wiki tatu mfululizo, nilikuta nimetandikiwa Mkakasi. Nahashon alinihurumia akanishauri nikalalamike. Nikakataa. Nilikumbuka maneno ya stoo, kwamba anayekutukana bado anakuona, nikanywa chai yangu juu ya mawaridi na kuifuta mati nikimaliza.

Wiki ya nne alirudi dada mmoja wa Pemba aliyekuwa likizo, na alikuwa na kifurushi cha Mwanaisha kutoka kwa Rukia. Siku hiyo nilipovuta kiti mezani sikukuta Mkakasi. Sikukuta mati yoyote. Mahali pa mati palikuwa na kanga mpya, imekunjwa mstatili kwa kipimo kilekile, na mtoto wa daraja amewekwa pembeni kwa ajili ya kikombe. Nikasoma jina lake kwenye ukingo: Penye Wengi Pana Mengi. Mwanaisha alikuwa amekaa mbele yangu na yake imefungwa kiunoni juu ya aproni. Alinitazama machoni, akazungumza bila kumtuma mtu.

Alisema Rukia alikwenda dukani anataka kanga tatu, za watu watatu, na muuzaji akakataa kukata doti. Ilibidi anunue doti mbili. Kanga moja amebaki nayo yeye Makunduchi.

Nilihesabu. Yake kiunoni, yangu mezani, ya Rukia nyumbani. Nikauliza ya nne iko wapi. Mwanaisha akainama, akaitoa chini ya kiti, akaiweka juu ya ile yangu na kuinyoosha kwa kiganja.

"Hiyo ya chini ni ya kuvaa," akasema. "Hii ya juu, Rukia kasema, ni yako ya kupigia pasi."